Kamera za Usalama: Jinsi ya Kuongeza Siku za Kumbukumbu kwa Kubadilisha Diski ya DVR

Kamera za usalama, maarufu kama CCTV, zimeenea kote katika kaunti: kwenye maduka ya jumla, maduka ya dawa, vituo vya mafuta, zahanati, shule, ofisi za sacco na hata milango ya nyumba za kupangisha. Wengi wa waliozifunga huangalia jambo moja tu, kwamba picha inaonekana kwenye runinga. Ikionekana, huamini kuwa ulinzi umekamilika.

Hata hivyo, picha inayoonekana kwenye runinga haitamsaidia mtu kesho. Inayosaidia ni ile iliyohifadhiwa, nayo huhifadhiwa ndani ya kisanduku kiitwacho DVR, kwenye diski kuu. Diski hiyo ikijaa, DVR hufuta picha za zamani zaidi na kuandika mpya mahali pake. Hufanya hivyo usiku na mchana bila kumuuliza mwenyewe. Kwa hivyo kila mwenye kamera anapaswa kuweza kulijibu swali hili: kifaa changu kina picha za siku ngapi?

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupata jibu, jinsi ya kuchagua diski kubwa zaidi na kuibadilisha, na yale ambayo sheria inamtaka afanye mtu anayehifadhi picha za watu wengine.

KWA NINI SIKU CHACHE NI HATARI

Uvunjaji wa mlango hugunduliwa asubuhi inayofuata. Hasara nyingine hazijitokezi upesi hivyo. Chukua mfano wa duka la jumla linalohesabu bidhaa kila mwisho wa mwezi. Hesabu inaonyesha katoni kadhaa za mafuta ya kupikia hazipo. Mwenye duka anafungua DVR ili arudi nyuma na kutazama mlango wa stoo, lakini picha ya zamani zaidi ni ya siku tano zilizopita. Kilichotokea wiki ya kwanza na ya pili kimeshafutwa. Matokeo yake ni kwamba wafanyakazi wote wanashukiwa, na asiye na hatia hana namna ya kujitetea.

Hali ni hiyo hiyo kwa mteja anayerudi baada ya wiki mbili akidai hakupewa chenji, kwa mwenye nyumba anayeishi mji mwingine na kupata habari za wizi akiwa amechelewa, au kwa afisa wa upelelezi anayefika dukani siku kadhaa baada ya taarifa kuandikwa kituoni. Kamera zilikuwepo na zilifanya kazi, lakini diski ilikuwa ndogo.

Sababu ni rahisi. Mifumo mingi ya bei nafuu huuzwa pamoja na diski ndogo ili bei ya jumla ipungue. Mnunuzi huuliza idadi ya kamera na ubora wa picha, na ni nadra kuuliza ukubwa wa diski. Jambo la kutia moyo ni kwamba diski ni sehemu inayoweza kubadilishwa peke yake. Kamera, nyaya na DVR yenyewe vinaweza kubaki kama vilivyo.

JINSI YA KUJUA SIKU ULIZO NAZO

Njia ya kwanza ni kutazama. Mwenye kifaa afungue sehemu ya kucheza picha zilizorekodiwa, kisha atazame kalenda inayojitokeza. Siku zenye rekodi huwekewa alama au rangi. Arudi nyuma hadi siku ya mwisho yenye alama. Siku kutoka hapo hadi leo ndizo siku ambazo DVR inazikumbuka. Achunguze kila kamera, kwa sababu inawezekana kamera moja iliacha kurekodi zamani bila mtu kutambua.

Njia ya pili ni kukokotoa. Kinachojaza diski ni kasi ambayo kila kamera inatuma data, inayopimwa kwa megabiti kwa sekunde. Kamera yenye ubora wa 1080p iliyowekwa kwenye megabiti 2 kwa sekunde, ikirekodi saa 24 bila kukoma, hutumia takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne za aina hiyo hutumia takriban gigabaiti 86 kwa siku. Kutokana na hesabu hiyo, kamera nne zitapata:

Diski ya gigabaiti 500: karibu siku 5.
Diski ya terabaiti 1: karibu siku 11.
Diski ya terabaiti 2: karibu siku 23.
Diski ya terabaiti 4: karibu siku 46.

Kamera zikiwa nane, siku hizo hupungua kwa nusu. Kwa mfano, diski ya terabaiti 1 itahifadhi siku zisizofika sita. Anayeongeza kamera mbili au tatu bila kuongeza diski ajue kwamba anapunguza siku za kumbukumbu za kamera zote.

Baadhi ya wanunuzi hulalamika kuwa wamepunjwa wanapoona diski ya terabaiti 1 ikionyeshwa kwenye DVR kama gigabaiti 931. Hawajapunjwa. Watengenezaji wa diski huhesabu kwa elfu, ilhali vifaa vingi huhesabu kwa 1,024. Diski ya terabaiti 2 itasomeka karibu 1,863, na ya terabaiti 4 karibu 3,726.

KABLA YA KUTOA PESA: KAGUA MIPANGILIO

Kuna siku zinazoweza kupatikana bila kununua chochote. DVR nyingi za miaka ya karibuni zina njia mbili za kubana picha, H.264 na H.265. Ya pili ni mpya zaidi, na kwa kawaida huhitaji takriban nusu ya nafasi kwa picha yenye ubora unaokaribiana. Kwa mfumo wa kamera zinazotumia kebo ya koaksia, kazi ya kubana hufanywa na DVR, si kamera. Kwa hivyo mabadiliko hayo hufanyika kwenye menyu na hayahitaji kamera mpya. Kasi ya data nayo ishushwe ipasavyo, kwani kubadilisha njia ya kubana huku kasi ikibaki ile ile hakutaokoa nafasi.

Idadi ya picha kwa sekunde pia ina athari. Picha 25 kwa sekunde huonekana laini kama ya runinga, lakini kwa stoo au ua wa nyumba, picha 12 hadi 15 kwa sekunde zinatosha kumtambua mtu na kuona alichofanya. Penye kaunta ya pesa, ambapo mikono hutembea haraka, ni bora kuacha idadi ya juu.

Mpangilio mwingine ni kurekodi pale tu kunapotokea mwendo. Huokoa nafasi kubwa mahali penye utulivu, kama vile ofisi usiku. Udhaifu wake ni kwamba kamera inaweza kukosa mwanzo wa tukio, na tawi la mti linalopeperushwa na upepo linaweza kuiwasha usiku kucha. Penye milango na kaunta, kurekodi bila kukoma wakati wa kazi ndiko salama zaidi.

Jambo moja lisipunguzwe ovyo: ubora wa picha yenyewe. Siku 60 za nyuso zisizotambulika hazina faida kuliko siku 20 za nyuso zinazotambulika.

KUCHAGUA DISKI INAYOFAA

Baada ya mipangilio kukaguliwa na siku bado hazitoshi, ndipo diski inunuliwe. Haya ndiyo ya kuzingatia.

Kwanza, ukubwa ambao DVR inakubali. Kila DVR ina kikomo chake, nacho huandikwa kwenye kijitabu cha maelezo au kwenye ukurasa wa modeli hiyo katika tovuti ya mtengenezaji. Vifaa vya zamani vinaweza kushindwa kutumia nafasi inayozidi terabaiti 2 kutokana na mfumo wa kugawa diski uliotumika wakati huo. Mtu akiweka diski ya terabaiti 4 kwenye kifaa cha aina hiyo, huenda nusu ya pesa zake ikalala bure.

Pili, umbo. DVR nyingi hutumia diski ya inchi 3.5 yenye kiunganishi cha SATA. Zipo DVR ndogo zenye nafasi ya diski ya inchi 2.5 pekee, ile inayotumika kwenye kompyuta za mkononi. Modeli ithibitishwe kabla ya kwenda dukani.

Tatu, aina ya diski. Diski ya kawaida ya kompyuta imeundwa kwa matumizi ya saa chache kwa siku, kusoma na kuandika kwa vipindi. Diski ya DVR huandika kila sekunde, mwaka mzima. Watengenezaji hutoa diski maalumu kwa kazi hii, kama vile WD Purple ya Western Digital na SkyHawk ya Seagate. Hizi zimeundwa kufanya kazi saa 24 na kupokea mikondo mingi ya picha kwa wakati mmoja. Diski ya kompyuta itafanya kazi ikiwekwa, lakini haikuundwa kwa mzigo huo, na uwezekano wa kuharibika mapema ni mkubwa zaidi.

Nne, umeme. Diski huhitaji nguvu nyingi zaidi katika sekunde za kwanza inapoanza kuzunguka. DVR ndogo nyingi hutumia adapta ya volti 12. Adapta dhaifu, au iliyobadilishwa na nyingine yenye ampia chache, huifanya DVR ijizime na kujiwasha mara kwa mara, au diski isionekane kabisa. Ampia za adapta zisiwe chini ya zile zilizoandikwa kwenye DVR.

Tano, upya wake. Diski zilizotumika husafishwa na kuuzwa kama mpya. Mnunuzi adai risiti yenye nambari ya diski, na aangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji kama nambari hiyo bado ina dhamana. Baada ya kuiweka, afungue ukurasa wa hali ya diski kwenye DVR, unaotambulika kwa herufi S.M.A.R.T., na kutazama saa ambazo diski imewahi kuwashwa. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski "mpya" inayoonyesha saa elfu ishirini imekwisha kufanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili mfululizo. Irudishwe ilikonunuliwa.

KUBADILISHA DISKI HATUA KWA HATUA

Kazi hii huchukua chini ya saa moja na huhitaji bisibisi, kipanya cha DVR na fleshi. DVR inayotumia adapta ya nje ya volti 12 ni salama kufunguliwa na mtu makini. DVR kubwa inayochomekwa moja kwa moja kwenye stima ya volti 240 ina kibadilisha umeme ndani yake, na hiyo aachiwe fundi. Ikiwa kifaa bado kina dhamana, muuzaji aulizwe kwanza, kwa sababu kukivunja kibandiko cha kiwandani kunaweza kuifuta dhamana hiyo.

1. Kuhifadhi yaliyo muhimu. Picha za tukio lolote ambalo bado linachunguzwa zinakiliwe kwenye fleshi kabla ya kitu kingine chochote. Kisha zifunguliwe kwenye kompyuta ili kuthibitisha kwamba zinasomeka.

2. Kuandika mipangilio. Majina ya kamera, ratiba ya kurekodi, kasi ya data na mpangilio wa mtandao viandikwe kwenye karatasi au vipigwe picha kwa simu. Kwa kawaida mipangilio hii hukaa ndani ya DVR yenyewe na haipotei diski ikitolewa, lakini tahadhari haigharimu kitu.

3. Kuzima. DVR izimwe kupitia menyu, si kwa kung'oa waya. Baada ya kuzimika, adapta ichomolewe na mtu asubiri dakika moja ili diski iache kuzunguka. Diski inayotikiswa ikizunguka inaweza kuharibika papo hapo.

4. Kufungua. Nyaya za kamera ziwekewe alama ya namba kabla ya kuchomolewa. Skrubu za kifuniko, ambazo mara nyingi huwa pembeni na nyuma, zifunguliwe. Kabla ya kugusa kilicho ndani, mtu aguse kwanza kitu cha chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini.

5. Kutoa diski ya zamani. Diski huunganishwa kwa kebo mbili: nyembamba ya data na pana ya umeme. Zivutwe kwa kushika kichwa cha kebo, si waya. Skrubu zinazoishikilia diski, kwa kawaida nne, hufunguliwa kutoka chini ya DVR. Mkono mmoja uishikilie diski ili isidondoke.

6. Kuweka mpya. Diski mpya iwekwe mahali pale pale na ikazwe kwa skrubu zote. Diski iliyolegea hutetemeka na kuisha mapema. Viunganishi vya SATA vina umbo la herufi L na huingia kwa upande mmoja tu. Kikigoma, kigeuzwe, kisilazimishwe.

7. Kuwasha na kufomati. Kifuniko kirudishwe, nyaya zichomekwe na DVR iwashwe. Huenda ikapiga mlio kwa sababu imeona diski isiyoijua. Mwenye kifaa aingie kwa nywila yake, afungue ukurasa wa hifadhi, mara nyingi wenye herufi HDD, achague diski mpya na kuiamuru ifomatiwe. Hatua hii ikirukwa, picha itaendelea kuonekana kwenye runinga lakini hakuna kitakachorekodiwa.

8. Kurudisha mipangilio. Ihakikishwe kuwa DVR imeruhusiwa kuandika juu ya picha za zamani diski ikijaa, la sivyo itaacha kurekodi siku diski itakapojaa. Ratiba ya kurekodi ikaguliwe kwa kila kamera.

9. Kubadilisha nywila. Huu ni wakati mzuri wa kuondoa nywila ya kiwandani. Mwaka 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na DVR nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila ambazo wenyewe hawakuwahi kuzibadilisha.

TAREHE NA SAA NI SEHEMU YA USHAHIDI

Baada ya diski kubadilishwa, saa ya DVR ilinganishwe na ya simu. Saa za Kenya ziko mbele ya saa za dunia, UTC, kwa saa tatu. Saa ikirudi nyuma kila stima inapopotea, betri ndogo ya mviringo iliyo ndani ya DVR imekwisha na inafaa kubadilishwa.

Tofauti ya saa huleta mkanganyiko ambao ungeweza kuepukwa. DVR huandika 21:00, ilhali shahidi husema saa tatu usiku. Anayeandika taarifa aeleze waziwazi kwamba ni saa ile ile. Ikigunduliwa kuwa saa ya DVR ilikuwa mbele au nyuma, isirekebishwe kabla ya picha kunakiliwa na tofauti hiyo kuandikwa.

KUHAKIKISHA KAZI IMEFANYIKA

Diski mpya isiaminiwe kwa maneno ya fundi pekee. Saa moja baada ya kazi, kila kamera ichezwe ili kuona kama imerekodi. Baada ya wiki moja, kalenda itazamwe kama ina siku saba kamili zisizo na mapengo. Siku zilizokokotolewa zikitimia, kwa mfano siku 46, itazamwe kama siku ya kwanza bado ipo.

Baada ya hapo, ukaguzi wa mara moja kwa mwezi unatosha. Diski inayozeeka hutoa dalili: mlio wa kugonga unaojirudia, picha zinazoganda wakati wa kucheza, saa kadhaa zinazokosekana, au DVR inayopiga kelele bila kunyamaza. Kuna watu wanaoizima kelele hiyo kwenye menyu ili ipatikane amani dukani. Mara nyingi kelele hiyo ndiyo onyo pekee kwamba hakuna kinachorekodiwa.

JOTO, VUMBI, CHUMVI NA STIMA

Diski kubwa isiyotunzwa itakufa kama ndogo. DVR iliyofungiwa kwenye kabati lisilo na hewa, au kufunikwa kwa kitambaa ili isionekane, hupata joto linaloifupishia diski maisha. Iwekwe mahali penye hewa, pasipofikiwa na wateja, na juu kidogo ya sakafu ili maji ya mvua au ya kuosha yasiifikie. Vumbi la feni lipanguswe kwa brashi kavu kifaa kikiwa kimezimwa. Karibu na bahari, hewa ya chumvi hutia kutu viunganishi, hivyo navyo vikaguliwe.

Stima ikikatika ghafla diski ikiwa inaandika, picha za dakika za mwisho zinaweza kupotea au diski ikaharibika. Kifaa kidogo cha betri cha kuhifadhi umeme, UPS, huipa DVR muda wa kuendelea stima inapopotea kwa muda mfupi. Kamera zenye adapta yake nazo ziunganishwe humo, la sivyo DVR itarekodi giza.

Kuna hatari nyingine: mwizi anayeijua kamera huondoka na DVR yenyewe. Kasha la chuma lenye kufuli na matundu ya hewa, lililofungwa ukutani mbali na kaunta, hulinda kumbukumbu zote.

DISKI YA ZAMANI IFANYWE NINI

Diski iliyotolewa bado ina nyuso za wateja, wafanyakazi na majirani. Iandikwe tarehe na kufungiwa mahali salama kwa muda ambao picha zake zinaweza kuhitajika. Ikichomekwa kwenye kompyuta, mara nyingi kompyuta haitaweza kuisoma na itapendekeza ifomatiwe. Anayezihitaji picha hizo akatae, kwa sababu watengenezaji wengi wa DVR hutumia mfumo wao wenyewe wa kuandika. Njia rahisi ya kuisoma ni kuirudisha kwenye DVR ile ile. Ila asikubali ombi lolote la kuifomati, na diski mpya itolewe kwanza.

Ikiwa haihitajiki tena, isiuzwe wala kutupwa jalalani kama ilivyo. Ifutwe kabisa kwa programu inayoandika juu ya diski nzima, au itobolewe kwa drili hadi sahani zilizo ndani ziharibike, kisha ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

SHERIA INASEMAJE

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi. Anayefunga kamera kwenye biashara anachukua jukumu la kuilinda data hiyo.

Usajili katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data unahusu hata biashara ndogo. Kanuni za usajili za mwaka 2021 huwaondolea wajibu huo wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiozidi tisa. Hata hivyo, msamaha huo hauwahusu wanaoshughulikia data kwa kazi zilizoorodheshwa, na miongoni mwa kazi hizo ni kuzuia uhalifu, pamoja na kuendesha kamera za CCTV za usalama. Mwenye biashara anashauriwa kuthibitisha hali yake na ofisi hiyo.

Sheria haitaji idadi ya siku za kuhifadhi picha. Inasema data isihifadhiwe kwa muda unaozidi ule unaohitajika kwa kusudi lililokusudiwa. Hapa ndipo diski kubwa inapohitaji kiasi. Duka linalohesabu bidhaa kila mwezi lina sababu ya wazi ya kuwa na siku 30 hadi 45. Kuhifadhi mwaka mzima kwa sababu tu nafasi ipo ni vigumu kukutetea. DVR nyingi zina mpangilio wa kufuta picha baada ya siku zilizochaguliwa, hata kama diski haijajaa.

Mengine ya msingi ni haya: kuweka bango linalowajulisha watu kwamba kuna kamera, kutoelekeza kamera kwenye ua au dirisha la jirani, kutofunga kamera vyooni wala vyumba vya kubadilishia nguo, na kutoruhusu kila mfanyakazi kuwa na nywila. Kusambaza picha ya mshukiwa kwenye makundi ya WhatsApp kunaweza kumuumiza asiye na hatia na kumweka aliyesambaza matatani. Picha zipelekwe polisi.

LIKITOKEA TUKIO

Siku zinaanza kuhesabiwa tangu tukio linapotokea, hata diski iwe kubwa namna gani. Mwenye kifaa afanye mambo manne. Anakili picha siku ile ile, zikiwemo dakika chache kabla na baada ya tukio. Aripoti kituoni na kupata nambari ya OB. Atunze nakala asilia bila kuikata wala kuihariri. Aandike nani alinakili, lini, na kutoka kifaa gani.

Maelezo hayo ya mwisho yana uzito mahakamani. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kutumika kama ushahidi, na kinataja cheti kinachoeleza kumbukumbu hiyo ilivyopatikana na kifaa kilichoitoa, kikiwa kimetiwa saini na anayehusika na uendeshaji wa kifaa hicho. Afisa wa upelelezi ataeleza jinsi ya kukiandaa.

MASWALI MATANO YA KUMUULIZA FUNDI

Kwa anayefunga mfumo mpya au kuboresha wa zamani, maswali haya yaulizwe kabla ya malipo:

Diski hii ni ya kamera za usalama au ni ya kompyuta?
Kwa kamera nilizo nazo, itahifadhi siku ngapi, na umekokotoaje?
DVR hii inakubali diski ya hadi terabaiti ngapi?
Diski imewashwa kwa saa ngapi kufikia leo?
Utanionyesha jinsi ya kutafuta picha za juzi na kuzinakili kwenye fleshi?

Fundi anayeijua kazi yake atayajibu yote bila kusita. Anayeshindwa kulijibu la pili bado hajafanya hesabu, na mteja asilipe hadi aione hesabu hiyo.

Kwa wenye mifumo inayofanya kazi tayari, kazi ya leo ni moja na haina gharama: kufungua kalenda ya DVR na kutazama siku ya zamani zaidi iliyobaki. Siku hizo zikiwa chache kuliko muda ambao hasara huchukua kugunduliwa mahali hapo, mipangilio ikaguliwe wiki hii. Isipotosha, diski ibadilishwe.